Anzeni na Udongo

Maneno haya niliyasema mbele ya wanachama wa klabu yetu ya kriketi hapa Nairobi, siku kamati ilipotandaza mchoro wa uwanja mpya. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimeviacha, na maswali ya mwisho hayakupata nafasi kwa sababu mtakayoiona.

Bwana Mwenyekiti, Mama Katibu, wanakamati, wazee wenzangu, na nyinyi vijana wanne mnaoegemea ukuta wa nyuma kama kawaida yenu: hamjambo.

Nimepewa dakika ishirini. Katibu aliniambia kwa adabu, lakini naona ameweka simu mezani na saa inakimbia. Kwa mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja akitazama nyasi zikiota, dakika ishirini ni kufumba na kufumbua. Nitajitahidi.

Mchoro nimeutazama jana usiku, nikautazama tena leo asubuhi kwa miwani. Ni mzuri, na aliyeuchora ana mkono. Kuna jukwaa kuu la ghorofa mbili, paa jeupe lililotanda kama tanga la jahazi, taa kubwa kwenye nguzo nne, skrini ya matokeo, mgahawa, chumba cha wageni wa heshima na maegesho ya magari mia tatu. Kurasa kumi na nane. Pichi, ule ukanda wa udongo wa katikati mpira unapodundia, nimeikuta ukurasa wa kumi na sita, baada ya maegesho na kabla ya vyoo, imepewa mistari miwili. Kwenye picha kubwa ni kijistari cha kahawia tu, kama njiti ya kiberiti iliyoanguka kwenye zulia la kijani.

Hapo ndipo nilipo na neno. Naomba ukurasa wa kumi na sita uwe wa kwanza.

Nimekuja na vitu viwili mfukoni. Hivi ni vidonge vya udongo, kila kimoja kama ndimu. Nimevifinyanga kwa mkono wiki iliyopita nikavikausha kivulini. Ni jaribio la zamani la sisi watu wa uwanja: unaukanda udongo kwa maji kidogo, unaufanya mviringo, unauacha ukauke vizuri, kisha unaupima unavumilia uzito gani kabla haujapasuka. Hiki cha kwanza nimekitoa pale katikati ya uwanja wetu, udongo mweusi, ule ule unaoganda kwenye viatu vyenu wakati wa masika mkatembea kama bata. Hiki cha pili ni cha lori lililomwaga sampuli mwezi uliopita nyuma ya banda la rola. Mwekundu, laini, wa kupandia maua. Naviweka sakafuni. Bwana Mweka Hazina, wewe ndiye mwenye mwili hapa, njoo ukanyage. Kwa kisigino, polepole.

Haya, mmeona. Chekundu kimekuwa unga. Cheusi kimemwinua Mweka Hazina kama mtu aliyekanyaga kokoto gizani.

Mrushaji mwepesi anatupa mpira kwa kasi ya kilomita mia na thelathini, mia na arobaini kwa saa. Mpira unagonga ardhi mara moja tu, kisha unamfikia mpigaji. Ardhi ikiwa kama hiki chekundu, mpira unazama, unabaki chini kwenye vifundo vya miguu, na kesho yake udongo umemomonyoka na mpira unaruka hadi kwenye kidevu. Ardhi ikiwa kama hiki cheusi, imeshindiliwa na kukauka inavyotakiwa, mpira unaruka unavyotarajiwa kuruka, na hapo ndipo panapokuwa na mchezo. Yote mnayotaka kuuzia tiketi yatatokea kwenye kipande chenye urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05. Kwingine kote ni nyasi za kukimbilia mpira.

Udongo mweusi nao una ubaya wake, nisiwafiche. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, na asiyeujua atajengewa nyumba ikapasuka kuanzia msingi hadi lenta. Wakazi wa upande wa Athi River wananielewa. Ndiyo maana kazi yetu ni ya subira. Unamwagilia hadi maji yashuke chini, unasubiri, unapita na rola nyepesi, unasubiri, unafyeka nyasi, unapita na rola nzito asubuhi umande ukiwa umetoka, unasubiri tena. Siku kumi hivi kwa mechi moja. Mzee aliyenifundisha kazi hii hakuwa na kipimo chochote cha dukani. Alikuwa anainama, anageuza gongo la mpigaji, anabisha ardhi kwa mpini. Akisikia mlio wa mlango wa mvule, anasema tayari. Akisikia kama anabisha godoro, anarudi kumsukuma mwenzake kwenye rola. Mwenzake nilikuwa mimi.

Mtaniambia: mzee, dunia imesonga, hayo ya kubisha ardhi ni ya zamani. Haya, twende huko dunia ilikosonga. Twende Motera, jijini Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat walikotoka babu za wengi wenu mlioketi hapa mbele.

Uwanja wa zamani wa Motera ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pale ndipo Sunil Gavaskar alipokuwa mtu wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000, yaani alama za mchezo wetu, katika mechi za Testi, zile ndefu za siku tano, mwaka 1987. Pale ndipo Kapil Dev alipochukua wiketi yake ya 432, yaani alipomtoa mpigaji wa 432, mwaka 1994 na kuivunja rekodi ya Richard Hadlee. Mwaka 2015 wakaamua kuubomoa wote. Kampuni ya Populous ikachora, Larsen & Toubro wakajenga, na mnamo Februari 2020 ukafunguliwa uwanja wa watu 132,000. Hakuna uwanja wa kriketi mkubwa kuliko huo. Hakuna nguzo inayomkinga mtu asione. Taa hazikuwekwa kwenye milingoti, zimezungushwa kwenye ukingo wa paa ili mpira usitupe vivuli vinne. Vyumba vya kubadilishia nguo viko vinne, mechi moja ikiisha nyingine inaanza bila timu kusubiriana koridoni.

Na katikati, pichi kumi na moja, nyingine za udongo mwekundu, nyingine za udongo mweusi. Huo mwekundu wao ni mfinyanzi, si huu wa maua. Niliposoma hapo nilivua kofia. Watu hawa walifikiri.

Sasa sikilizeni. Mechi ya kwanza ya kimataifa baada ya ujenzi huo wote ilichezwa Februari 2021, India na Uingereza, Testi ya siku tano. Iliisha kwa siku mbili. Uingereza wakatoka kwa mikimbio 112, halafu kwa 81. Mpira ulikuwa unaingia moja kwa moja pale ambapo wapigaji waliutarajia upinde, na unapinda pale walipoutarajia unyooke. Wapo walioilaani pichi ile, wapo walioitetea wakasema wapigaji ndio walioshindwa kazi, na baraza la kimataifa, ICC, likaipa daraja la wastani. Sitaki kuamua ugomvi wa watu. Ninachowaomba mtazame ni kwamba paa, taa, viti, yote yale mapya, wiki ile hakuna aliyeyazungumzia. Dunia nzima ilikuwa inabishana juu ya mita ishirini za udongo.

Na hilo si lililonifurahisha zaidi. Mei 2023, uwanja ule ule, fainali ya IPL, ligi ya kriketi ya India. Mvua ikanyesha siku ya mechi hadi ikaahirishwa kwa siku moja. Kesho yake Gujarat wakapiga, zamu ya Chennai ikafika, ikarushwa mipira mitatu tu, mvua tena. Haikunyesha sana. Lakini mchezo ulirudi baada ya saa sita usiku, ova, yale mafungu ya mipira sita sita, zikapunguzwa kutoka ishirini hadi kumi na tano, na Ravindra Jadeja akaumaliza kwa mikimbio sita na minne katika mipira miwili ya mwisho, watu wa kule wakiwa wanakaribia kuamkia kazini. Kilichochelewesha ni nini? Nyasi za pembeni zilikauka haraka, maana chini yake kuna mchanga na mabomba yenye matundu, maji yanapita kama kwenye chujio. Kilicholowa ni kiraka cha pichi za jirani pale katikati. Mfinyanzi. Na kwenye televisheni, katika uwanja wa kriketi mkubwa kuliko vyote duniani, niliwaona watu wamepiga magoti na sponji na ndoo, wanafyonza maji, wanakamua, wanafyonza.

Mke wangu aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu saa hizo.

Udongo unaoweza kuurudisha mpira ni udongo usiopitisha maji, na hakuna bomba linaloweza kubadilisha hilo. Ukiutaka uwe mgumu, itabidi uufunike, na kufunika ni mikono ya watu. Ukurasa wa kumi na saba wa mchoro wenu una orodha ya wafanyakazi wa uwanja mpya. Walinzi kumi na wawili. Watu wa mgahawa tisa. Watu wa uwanja wawili, na maelezo pembeni: kazi nyingi itafanywa na mashine. Turubai likilowa, ndugu zangu, linataka watu wanane kulivuta, tena wanane waliokula. Nimewahi kulivuta tukiwa watano na upepo ukatuburuta hadi kwenye kamba ya mpaka, mmoja wetu akapoteza gumboti na hadi leo hatujaiona.

Kuna mwanakamati mmoja, kijana msomi, aliniambia juzi kwamba siku hizi pichi inaweza kuletwa ikiwa tayari. Ni kweli. Inaitwa pichi ya kutumbukiza: inakuzwa kwenye trei kubwa ya chuma mahali pengine, inabebwa na lori, inashushwa kwenye shimo lake. Adelaide wanafanya hivyo tangu 2013 na wamefaulu. Uwanja wao uliboreshwa ukakamilika mwaka 2014, na katika yote waliyobadilisha waliuacha ubao wa matokeo wa mwaka 1911, ambao hadi leo watu wanaingia ndani yake na kubadilisha tarakimu kwa mkono. Hilo nalo mliangalie kabla hamjaugeuza ubao wetu kuwa kuni. Nimeona kwenye mchoro haupo.

Lakini ni haohao mafundi wa Adelaide walioitwa kutengeneza pichi za New York kwa Kombe la Dunia la T20, mchezo mfupi wa ova ishirini, la 2024. Pichi zikakuzwa Florida, zikasafirishwa kwa malori, zikatumbukizwa. Kuizunguka mikeka hiyo ya udongo kukasimamishwa uwanja wa watu 34,000 kwa miezi kama mitatu, majukwaa yakafungwa kama vitanda vya chuma. Ulipendeza, sikatai. Mechi ya kwanza, Sri Lanka wakatoka kwa 77. Ya pili, Ireland kwa 96, mpira mmoja ukiruka hadi kwenye kofia ya chuma na unaofuata ukitambaa. India wakapata 119 dhidi ya Pakistan, na Pakistan wakashindwa kuzifikia. ICC wenyewe wakakiri pichi hazikucheza kama walivyotaka. Walikuwa mafundi wazuri kuliko wote waliopatikana, na pesa ilikuwepo. Kilichokosekana ni muda, udongo kukaa na kushikana na kuzoea mahali pake, misimu miwili au mitatu ya kupigwa rola na kuchezewa na watu wasio na majina. Mashindano yalipoisha, majukwaa yakafunguliwa yakaondoka.

Naona Katibu ameitazama simu. Nakwenda haraka.

Jua. Hili halitaki maneno mengi. Pichi inalazwa kaskazini kwa kusini ili mpigaji asitazamane na jua likizama. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, wala halipepesuki. Uwanja wetu wa sasa umelazwa sawasawa. Wazee waliojenga walijua. Mchoro umeuzungusha ili jukwaa kuu liangalie barabara. Maana yake pichi sasa ni mashariki kwa magharibi. Mwaka 2019 kule Napier, New Zealand, mechi ya kimataifa kati ya wenyeji na India ilisimamishwa kama nusu saa, na si kwa mvua. Jua lilikuwa linawapiga wachezaji na waamuzi machoni, kwa sababu uwanja umelazwa vibaya. Watu walikaa wakisubiri jua lishuke, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Mkijenga ilivyochorwa, sisi litatusimamisha kila Jumamosi.

Sasa nirudi nyumbani, maana najua linalowauma. Mnataka Nairobi irudi kwenye ramani, na mimi nataka pia. Mlioko hapa wa umri wangu mnaukumbuka uwanja wa Gymkhana hapa Nairobi, Oktoba 1996, kijana wa Pakistan, Shahid Afridi, mara yake ya kwanza kushika gongo katika mechi ya kimataifa, akapiga mikimbio mia moja kwa mipira 37. Mapigo ya mikimbio sita, kumi na moja. Mipira mingine ilitoka nje kabisa ya ua. Rekodi ile ilikaa miaka kumi na saba. Mwaka 2000 mashindano mazima ya ICC yalichezwa pale pale, mataifa kumi na moja, uwanja mmoja, na New Zealand wakawafunga India fainali, Chris Cairns akiwa hajatoka na mikimbio yake 102. Halafu Februari 2003, Kombe la Dunia, sisi na Sri Lanka. Tulikuwa na 210. Nani aliamini zinatosha? Collins Obuya akaingia na mpira wake wa kuzungusha, akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24, na Sri Lanka wakaanguka mikimbio 53 nyuma. Mwezi uliofuata Kenya ilikuwa Durban, nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Nami nauliza: Gymkhana ya siku hizo ilikuwa na nini? Haikuwa na paa la tanga. Majukwaa mengi yaliwekwa kwa ajili ya mashindano. Ilikuwa na pichi iliyoaminika, watu waliojua kuitunza, na wachezaji waliokulia kwenye viwanja vya namna hiyo. Wengi katika kikosi kile walijifunza mchezo huu wakiwa watoto wa mitaa iliyopakana na klabu za Nairobi, wanachungulia, wanaokota mipira, wanaazimwa gongo lililopasuka. Kisha mambo yakaenda yalivyokwenda, na mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za siku moja za kimataifa. Haikuwa kwa kukosa viti. Fitina za uongozi sizigusi leo, dakika ishirini hazinitoshi na Mwenyekiti ana shinikizo la damu.

Kwenye ukuta wetu wa upande wa mashariki kuna tundu. Limezibwa mara sita kwa hesabu yangu, na mara sita limezibuka. Watoto wa mtaani wanapita pale saa tisa wakitoka shule. Wawili kati ya hao vijana wanne pale nyuma waliingia kwenye klabu hii kwa tundu lile, sitawataja, wenyewe wanatabasamu. Katika mchoro, upande wa mashariki kuna ukuta wa mita tatu na waya juu yake. Sisemi msijenge ukuta. Wekeni mlango mdogo pale, na mtu wa kuufungua saa tisa.

Na wakati wa ujenzi, miaka miwili mnayosema, watacheza wapi? Nimetafuta kurasa zote kumi na nane. Simenti ya mita ishirini na mkeka juu yake, pale kona ya neti za mazoezi, inagharimu chini ya mlango wa kioo wa mgahawa. Iwekwe kabla ya tingatinga halijaingia.

Tingatinga lenyewe lina kisa. Mwaka mmoja, sitautaja mwaka wala mtu, uwanja huu ulikodishwa kwa tamasha. Tuliahidiwa kwamba magari yatapita kwenye mbao, pembezoni. Usiku mvua ikanyesha, na lori la spika likakatiza katikati. Nilifika alfajiri nikakuta mitaro miwili ya magurudumu imepita juu ya pichi tatu, kina cha kiganja, na maji yametuama ndani yake, chura tayari ameshahamia. Niliyapima kwa mkono huu. Fidia ililipwa, nadhani ilinunua viti vya chumba hiki mlivyokalia. Pichi zile zilichukua miezi kumi na minne kurudi, na moja hadi leo ina bonde ambalo mrushaji mwenye akili analilenga. Kwa hiyo naomba hivi: siku ya kwanza ya ujenzi, kabla hata ya kibao cha mkandarasi, katikati pazungushiwe ua, mita thelathini kwa thelathini, na funguo ikae kwa mtu wa uwanja, wala si kwa mkandarasi.

Kuna mahali jirani ambapo mambo yalianza chini, nami ningependa kamati ipande basi ikatazame. Gahanga, nje kidogo ya Kigali. Wanyarwanda walikuwa wanacheza kwenye uwanja wa shule ya ufundi kule Kicukiro, mahali ambapo Aprili 1994 watu zaidi ya elfu mbili waliokimbilia hifadhi waliachwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wakauawa. Kwa miaka wacheza kriketi walicheza pale pale, hawakuwa na pengine. Pesa za uwanja mpya zilichangwa kidogokidogo. Mwaka 2016 nahodha wao, Eric Dusingizimana, alisimama kwenye neti akapiga mipira kwa saa 51 mfululizo, usiku na mchana, ili watu wachangie. Oktoba 2017 uwanja ukafunguliwa.

Jengo lao si ghorofa. Ni matao matatu yaliyoinama juu ya kilima, yakipanda na kushuka kama mpira unaodunda. Na matao hayo yamejengwa kwa vigae vya udongo wa hapohapo, umechanganywa na saruji kidogo, ukagandamizwa kwa mashine na watu wa kijijini waliofundishwa kazi papo hapo. Kule hata paa ni udongo! Nilicheka nilipoona picha, nikasema hawa tungesikilizana. Januari 2023 wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia wakawafunga Zimbabwe, kisha West Indies. Nchi ambayo wengi wenu mlikuwa hamjui kama inacheza kriketi.

Nisieleweke vibaya. Jukwaa nalitaka. Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kwa miaka thelathini na mmoja, kiti chenye mgongo nakitamani. Vyoo vya akina mama ni aibu tuliyoibeba muda mrefu, na hilo mchoro umelitendea haki. Taa pia zije. Ninachokataa ni mpangilio. Fungu la kwanza la pesa lishuke chini: kokoto, mabomba, mchanga kwa nyasi za pembeni, mfinyanzi uliopimwa kwa katikati, pichi saba, si mbili, rola mpya, maana ile tuliyonayo inaitwa kwa majina na kubembelezwa kabla haijawaka. Kisha uachwe mwaka mzima uchezewe na watoto na timu ya tatu. Wakati huo jengeni juu mnavyotaka. Majukwaa yanaweza hata kukodishwa, New York wametuonyesha. Wazee walisema nyumba njema si mlango, nanyi mlango mmeuchora kurasa kumi na tano.

Kuna la mishahara ya watu wanane badala ya wawili, nililiandika hapa kwenye karatasi na hesabu yake, na Mweka Hazina tayari ananitazama kwa jicho la...

Subirini. Huo ni upepo. Nani amefungua dirisha la upande ule? Mnasikia hiyo harufu? Saa hii pichi ya kati iko wazi, nimeimwagilia Jumanne, na kesho kuna mechi ya shule. Nyinyi wanne ukutani, na wewe Bwana Mweka Hazina, na yeyote mwenye viatu vya kuchafuka: turubai liko nyuma ya banda la rola, kamba ziko juu ya mlango. Tuanzie upande wa upepo. Mama Katibu, zima saa yako, nimebakiza dakika mbili na nitazidai.